Jiwe moja, umri zaidi ya mmoja: jinsi chembe za zirkoni zinavyosimulia historia ya milima yetu

Ukiwa Morogoro mjini huna haja ya kuuliza Uluguru iko wapi. Unainua macho tu. Mawe ya milima hiyo tunayatumia kila siku: yanapasuliwa kuwa kokoto, yanapangwa kuwa msingi wa nyumba, yanatandikwa mlangoni ili masika yasituletee tope ndani. Lakini je, mawe hayo yana umri gani?

Jibu la haraka ni kwamba yana mamia ya mamilioni ya miaka. Jibu hilo si uongo, ila halijakamilika. Miamba mingi ya Uluguru, Usambara, Upare na hata ng'ambo ya mpaka huko Taita nchini Kenya ni ya aina ambayo haina tarehe moja tu ya kuzaliwa. Jiwe moja linaweza kubeba tarehe mbili au tatu, na zote zikawa za kweli. Anayezichanganya anapata tarehe ya nne, ambayo siku yake hakuna lolote lililotokea.

Katika makala hii tunaeleza jinsi wanajiolojia wanavyozitenganisha tarehe hizo. Chombo chao kikuu ni chembe ndogo kuliko punje ya sukari, iitwayo zirkoni.

Mwamba uliopikwa upya

Shuleni tulifundishwa makundi matatu ya miamba: ile inayotokana na uji wa moto wa ardhini unapopoa, ile inayotokana na mchanga na tope kurundikana, na ile iliyobadilishwa, ambayo huitwa miamba metamofiki. Kundi hili la tatu ndilo linalotuhusu leo.

Mwamba metamofiki ulikuwa kitu kingine kabla. Huenda ulikuwa graniti, huenda ulikuwa mchanga wa pwani, huenda ulikuwa chokaa ya baharini. Kisha ukazikwa chini sana, ukakandamizwa na kupata joto kali, na madini yake yakajipanga upya bila mwamba wote kuyeyuka. Chokaa ikawa marumaru. Graniti ikawa mwamba wenye mistari ya weusi na weupe, ambao wataalamu huuita naisi. Baadhi ya miamba ya Uluguru ilifikia joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi, katika kina cha zaidi ya kilomita 30.

Mfano mzuri tunao majumbani: chungu. Ukiulizwa chungu chako kina umri gani, unaweza kutoa majibu matatu. Udongo wake ulikuwapo bondeni tangu zamani. Mfinyanzi alikichoma mwezi uliopita. Kilipoa hadi kushikika mkononi kesho yake. Udongo, moto na kupoa: kila tukio lina tarehe yake, na hakuna hata moja iliyo ya uongo.

Mwamba metamofiki nao uko hivyo. Tofauti ni kwamba kati ya udongo na moto panaweza kupita miaka bilioni mbili, na kati ya moto na kupoa makumi ya mamilioni.

Kwa nini zirkoni

Zirkoni ni fuwele iliyoundwa kwa elementi tatu: zirkoniamu, silikoni na oksijeni. Mara nyingi huzaliwa katika uji wa moto wa ardhini unapoanza kuganda na kuwa mwamba kama graniti. Chembe nyingi zina urefu wa kati ya milimita 0.05 na 0.3. Jiwe unaloweza kulishika kiganjani linaweza kuwa na chembe za namna hiyo kwa mamia.

Sifa tatu zinaifanya iwe shahidi wa kuaminika.

Kwanza, ni ngumu na haiharibiki kirahisi. Mvua huozesha madini mengine na kuyageuza udongo, lakini zirkoni hubaki. Mto huisukuma hadi baharini, nayo hubaki. Mwamba ukizikwa na kupikwa, mara nyingi hubaki pia.

Pili, inapojiunda huikaribisha urani kidogo. Atomu ya urani inatosha vizuri katika nafasi ya zirkoniamu, kwa hiyo chache huingia na kukaa.

Tatu, na hapa ndipo penye siri yote, huikataa risasi. Tunasema risasi kwa maana ya ile metali nzito ya kijivu. Atomu yake haikai vizuri ndani ya fuwele hii. Kwa hiyo siku zirkoni inapozaliwa, ndani yake kuna urani, na risasi karibu hakuna.

Urani haitulii. Polepole, kwa kasi isiyobadilishwa na joto wala mgandamizo, hugeuka hatua kwa hatua na mwishowe kuwa risasi. Basi risasi tunayoikuta leo ndani ya zirkoni haikuingia kutoka nje. Ilizaliwa humo humo. Ukiipima, ukailinganisha na urani iliyobaki, unajua muda uliopita.

Saa mbili ndani ya chembe moja

Bahati ni kwamba urani ya asili ina aina mbili kuu, na kila moja hugeuka kwa kasi yake.

Urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.47 ili nusu yake igeuke, nayo huishia kuwa risasi-206. Urani-235 ina haraka zaidi: nusu yake hugeuka kwa takriban miaka milioni 704, nayo huishia kuwa risasi-207. Kwa hiyo ndani ya chembe moja kuna saa mbili zilizoanza kuhesabu siku moja, moja ikienda polepole na nyingine mbio.

Tuweke hesabu mezani. Chukua zirkoni yenye umri wa miaka milioni 640. Saa ya polepole itaonyesha atomu 104 hivi za risasi-206 kwa kila atomu 1,000 za urani-238 zilizobaki. Saa ya haraka itaonyesha atomu 878 hivi za risasi-207 kwa kila atomu 1,000 za urani-235 zilizobaki. Namba hazifanani, lakini ukizigeuza kuwa miaka zote mbili zinasema milioni 640.

Sasa chukua zirkoni ya miaka bilioni 2.7. Saa ya polepole itaonyesha 520 kwa kila 1,000. Saa ya haraka itaonyesha zaidi ya 13,000 kwa kila 1,000, kwa sababu karibu urani-235 yote imekwisha kugeuka. Tena majibu ya miaka yanalingana.

Saa mbili zikikubaliana, mtaalamu anapata imani. Zikipingana, anajua kuna jambo. Pengine risasi kidogo ilivuja, kwa kuwa urani inapogeuka hutoa mnururisho unaojeruhi fuwele yenyewe na kufungua nyufa. Au pengine, na hili ndilo kubwa kwa miamba metamofiki, chembe hiyo si ya zama moja.

Moyo na ukingo

Mwamba unapopikwa upya, zirkoni ya zamani mara nyingi haifi. Hubaki kama moyo, na zirkoni mpya hujijenga kuizunguka kama ganda la kitunguu. Moyo una tarehe ya mwamba wa mwanzo. Ukingo una tarehe ya moto uliokuja baadaye. Kwa mfano wetu wa chungu, udongo na moto vyote vimeandikwa ndani ya punje moja.

Je, ukiiyeyusha chembe yote kwa asidi na kuipima kama kitu kimoja, itakuwaje?

Tufanye hesabu hiyo. Tuseme moyo una miaka bilioni 2.7, ukingo una miaka milioni 640, na kila upande una urani sawa na mwenzake. Ukivichanganya, saa ya polepole itakuambia miaka bilioni 1.75. Saa ya haraka itakuambia miaka bilioni 2.12. Hakuna tukio lolote la miaka bilioni 1.75 iliyopita wala la bilioni 2.12. Ni sawa na kuchanganya umri wa babu na wa mjukuu, ukagawa kwa mbili, kisha ukatangaza kwamba nyumbani kwao kuna mtu wa makamo. Mtu huyo hayupo.

Ubishi wa saa hizo mbili ndio unaomzindua mtaalamu. Anapopima chembe nyingi zenye mchanganyiko tofauti na kuziweka kwenye grafu, alama hujipanga kwenye mstari ulionyooka. Ncha moja ya mstari huelekeza kwenye tarehe ya moyo, na nyingine kwenye tarehe ya ukingo. Lakini njia iliyo wazi zaidi ni kupima moyo peke yake na ukingo peke yake.

Kutoka jabalini hadi maabara

Kazi huanza kwa nyundo. Mtaalamu huchukua kilo kadhaa za jiwe lisilooza, huandika mahali lilipotoka na jinsi linavyokutana na miamba ya jirani. Bila maelezo hayo, tarehe itakayopatikana haina pa kusimama.

Maabara huliponda jiwe hadi kuwa unga mkavu kama mchanga na kuuchekecha. Kisha unga huo hupitishwa majini. Wachimbaji wadogo wanaopeta dhahabu kwa karai watalielewa hili mara moja: kilicho chepesi huenda na maji, kilicho kizito hubaki. Zirkoni ina uzito wa zaidi ya mara nne na nusu ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwazi, yale madini meupe ya mchanga wa kawaida, haifiki hata mara tatu. Sumaku huondoa madini yenye chuma. Vimiminika vizito hutenga kilichosalia. Mwishowe mtu hukaa mbele ya hadubini na kuchagua chembe moja moja kwa sindano au kibano.

Chembe hizo hupangwa katika gundi inayokauka na kuwa ngumu kama plastiki, halafu husuguliwa hadi zibaki nusu, ili matumbo yake yaonekane. Hupigwa picha kwa miale ya elektroni, nazo hung'aa kwa viwango tofauti. Hapo moyo na ukingo hujitokeza wazi, kama duara za ndani ya gogo lililokatwa.

Ndipo kipimo hufanyika. Njia moja ni kuelekeza mwale mwembamba wa ayoni juu ya sehemu iliyochaguliwa. Mashine ya kwanza kubwa ya aina hiyo kwa kazi ya miamba, iitwayo SHRIMP, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, na ikaanza kutoa matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia nyingine hutumia leza. Zote hutoboa kishimo chenye upana wa takriban milimita 0.03, hivyo chembe moja inaweza kupimwa mahali pawili au patatu.

Kila njia ina gharama yake. Kishimo kimoja huwa na shaka ya asilimia 1 au 2. Kwa mwamba wa miaka milioni 640, hiyo ni miaka milioni 6 hadi 13 huku au kule. Anayetaka usahihi zaidi hurudi kwenye kuyeyusha chembe kwa asidi, na anaweza kufikia chini ya sehemu moja katika elfu. Lakini lazima kwanza ahakikishe chembe aliyoichagua ni ya zama moja.

Ukanda ulioificha miamba ya kale

Mtu aliyefungua njia hii alipita pande zetu za Afrika. Arthur Holmes, Mwingereza, alichapisha mwaka 1911 kipimo cha urani na risasi kilichoupa mwamba wa Norway umri wa miaka milioni 370. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Alikaa miezi sita, hakupata mali yoyote, na malaria nusura imuue. Baadaye, katika andiko lililotoka mwaka 1951, ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji: mkanda mrefu wa miamba iliyopikwa, unaopita kutoka Msumbiji, mashariki mwa Tanzania, Kenya na kuendelea kaskazini.

Magharibi ya ukanda huo kuna kiini cha kale cha Tanzania, kuanzia Dodoma na Singida hadi Tabora, Geita na Mwanza. Huko miamba mingi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na haikupikwa upya kwa namna hii.

Vipimo vya awali katika ukanda wa mashariki vilitegemea sana madini kama ulanga, yale mabamba yanayometa. Saa ya ulanga huanza kuhesabu mwamba unapopoa hadi nyuzi 300 na kitu. Kwa mfano wetu, ni tarehe ya chungu kushikika mkononi. Majibu yakawa yaleyale karibu kila mahali: miaka milioni 500 hivi. Kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kuuona ukanda wote kama kitu cha zama moja.

Zirkoni zilifungua pazia. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Profesa Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya miamba iliyopikwa kwa joto kali mashariki mwa Tanzania. Vilionyesha kwamba kilele cha moto kilikuwa takriban miaka milioni 640 iliyopita, muda mrefu kabla ya tarehe za ulanga. Hizo ni zama ambazo mabara yalikuwa yakigongana na kuunganika kuwa bara kubwa la Gondwana. Milima iliyoinuliwa na mgongano huo imeshamomonyoka kabisa. Tunachokanyaga leo ni mizizi yake.

Na ndani ya mizizi hiyo kuna mioyo ya kale. Sehemu za magharibi za ukanda zimetoa zirkoni zenye mioyo ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, sawa na kiini cha kale. Katika ukanda wa Usagara, watafiti walieleza mwaka 1995 miamba iliyoshuka kina kikubwa takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Lile lililodhaniwa kuwa shuka moja likaonekana ni viraka vya zama mbalimbali.

Chembe inapokuwa mzee kuliko mwamba

Kuna mtego mmoja zaidi. Kama mwamba ulikuwa mchanga kabla ya kupikwa, zirkoni zake zilikuja na maji kutoka milima mingine. Hizo ni mzee kuliko mchanga wenyewe.

Mfano mashuhuri uko Jack Hills, Australia Magharibi. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba chembe moja ya zirkoni kutoka huko ina miaka bilioni 4.4, kitu cha kale kuliko vyote vya dunia yetu vilivyokwisha kupimwa kwa njia hii. Lakini mwamba ulioibeba ni changarawe na mchanga uliorundikana zaidi ya miaka bilioni moja baadaye, kisha ukabadilishwa. Ukitafuta mwamba wenyewe, si chembe iliyosafiri, unakwenda Kanada: naisi ya Acasta, ambayo zirkoni zake zinaipa miaka bilioni 4.03.

Kwa mwamba uliotokana na mchanga, basi, wataalamu huitafuta chembe changa kuliko zote zilizokuja na maji. Mchanga hauwezi kuwa wa kale kuliko chembe hiyo. Kisha huutafuta ukingo wa moto. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo mchanga uliporundikana.

Kwa mchimbaji, hii inasaidia nini?

Mkoani kwetu na mikoa jirani watu wengi wanaishi kwa kuchimba. Ukanda wa Msumbiji ndio wenye tanzanaiti ya Mererani, rubi na spineli za Mahenge, na tsavoraiti ya Taita Taveta. Vito hivyo vinahitaji miamba kupikwa na vimiminika vya moto kupenya. Tarehe ya ukingo wa zirkoni husaidia kueleza moto huo uliwaka lini.

Dhahabu ya Geita, kwa upande mwingine, iko katika miamba ya kiini cha kale. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia zirkoni za katikati mwa Tanzania na za ukanda wa mashariki, ulizungumzwa sana na wanajiolojia: ulieleza kwamba miamba ya kale ya jamii hiyo inaendelea mashariki zaidi ya ilivyodhaniwa, ikiwa imefichwa na moto wa baadaye. Ramani inayosema eneo fulani ni la miaka milioni 500 tu humfanya mtafutaji wa dhahabu apite bila kusimama. Ramani inayoonyesha moyo wa miaka bilioni 2.7 humfanya atue mzigo na kuangalia.

Hapa tuseme wazi. Umri wa mwamba si ushahidi kwamba chini yake kuna mali. Miamba mingi ya miaka bilioni 2.7 haina dhahabu ya kuchimbika, na marumaru nyingi za Uluguru hazina rubi. Akija mtu kukuuzia kitalu kwa hoja kwamba mawe yake yamepimwa na ni ya kale sana, hoja hiyo peke yake haitoshi kutolea hata shilingi. Muulize sampuli za madini yenyewe zilisema nini, na leseni iko wapi.

Na hata penye tarehe ya kweli, swali la kwanza libaki lilelile. Mtu akikuambia jiwe hili lina miaka kadhaa, muulize: huo ni umri wa udongo, wa moto, au wa kupoa?